Mpimeni dereva macho, msimpime miaka

Kila mzigo unaovuka Namanga, Malaba, Mutukula au Tunduma uko mikononi mwa mtu mmoja. Mfanyabiashara anaweza kuwa na hati zote za forodha, cheti cha uasili wa bidhaa na risiti za ushuru zilizopangwa vizuri kwenye faili. Lakini kati ya ghala na soko, mali yake inategemea macho mawili na mguu ulio juu ya breki. Kwa hiyo suala la madereva wenye umri mkubwa kupimwa upya kabla ya kuongezewa leseni si la polisi na wenye malori peke yao. Ni letu sisi tunaopakia vitunguu, maharage, mitumba, saruji na vipuri, na mara nyingi tunapanda kwenye kabini hiyo hiyo kusindikiza mzigo.

Msimamo wangu ni huu: dereva wa gari la biashara apimwe afya kila baada ya muda maalumu, na muda huo uzidi kuwa mfupi kadiri anavyozeeka. Ila asiondolewe barabarani kwa sababu tu kitambulisho chake kinasema amezaliwa mwaka fulani. Na kipimo kiwe kimoja kwa Jumuiya nzima, kwa cheti kimoja kinachotambuliwa kila mpaka. Tukikosea hapo mwisho, tutakuwa tumeongeza foleni bila kuongeza usalama.

Tuanze na mwili, maana ndiko hoja inakotoka. Mtu akishapita miaka 40, macho huanza kushindwa kusoma karibu. Hilo halina hatari kubwa barabarani, kwa sababu dereva anatazama mbali. Hatari iko kwenye mambo mawili yanayokuja polepole bila maumivu. La kwanza ni mtoto wa jicho, ambaye hufanya taa za gari linalokuja mbele zitawanyike kama mwanga kwenye kioo chenye ukungu. La pili ni presha ya macho, ambayo huanza kula pembeni mwa uono. Dereva mwenye tatizo hilo anaiona barabara iliyo mbele yake vizuri kabisa, lakini hamwoni bodaboda anayeingia kutoka kushoto. Ukimuuliza anaona, atakujibu kwa kweli kabisa kwamba anaona.

Juu ya macho kuna kisukari, shinikizo la damu, na ule ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini unaomfanya mtu aamke amechoka hata kama amelala saa nane. Mwenye kisukari anayetumia dawa akikosa chakula kwa wakati, sukari inaweza kushuka ghafla akiwa kwenye usukani. Na safari zetu zinajulikana zilivyo: unakula pale foleni inapokuruhusu, unalala pale parokingi inapopatikana.

Piga hesabu ndogo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Dereva akichelewa sekunde moja tu kutambua kwamba lori la mbele limesimama, ameshatembea mita 22 kabla hajagusa breki. Semi-trela yenye mzigo kamili haisimami kama teksi. Sekunde hiyo moja ndiyo tofauti kati ya kupiga honi na kugonga.

Kuna jambo jingine ambalo ni la ukanda wetu hasa. Tanzania, Kenya na Uganda zinaendesha upande wa kushoto. Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini zinaendesha upande wa kulia. Dereva anayetoka Dar es Salaam kwenda Kigali anafika Rusumo baada ya zaidi ya kilomita 1,200 za kushoto, kisha anavuka daraja na kutakiwa kuwa mtu wa kulia. Vivyo hivyo anayetoka Kampala kupitia Gatuna, Elegu au Mpondwe. Akitaka kulipita gari jingine akiwa na usukani wa kulia kwenye barabara ya kulia, hana njia ya kuona mbele mpaka atoe kichwa cha gari. Kazi hiyo inataka shingo inayogeuka, uono wa pembeni na akili inayobadilika haraka. Hayo ndiyo mambo yanayopungua na umri, na ndiyo mambo yanayostahili kupimwa hata baada ya mtu kupata leseni yake ya kwanza.

Hata hivyo tusiwaonee wazee wa kazi. Duniani kote wanaoongoza kwa kusababisha ajali ni vijana, hasa wanaume, na siyo wazee. Dereva wa miaka 58 ambaye amekwea na kushuka Kitonga kwa miaka 30 anajua aingize gia gani kabla mteremko haujaanza. Kijana wa miaka 25 anajifunza hilo akiwa tayari katikati ya mteremko, breki zinatoa moshi. Mzee anajua kona za Salgaa na Sachangwan, anajua mahali ng'ombe wanapovukia, na hana haraka ya kumwonyesha mtu kwamba gari lake lina nguvu. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na barabarani kuona mengi ni bima ya aina yake.

Tarehe 30 Juni 2023, lori liliacha njia kwenye makutano ya Londiani, Kenya, likawapiga watu na magari kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa, wakiwamo wachuuzi waliokuwa kwenye biashara zao. Siitaji ajali hiyo kwa sababu ya umri wa mtu yeyote. Naitaja kwa sababu inatukumbusha nani anakaa kandokando ya barabara hizi: ni sisi. Sheria yoyote ya udereva, iwe ya breki, ya uzito, ya usingizi au ya macho, inatulinda sisi kabla ya kumlinda mwingine.

Wenzetu wa mbali wamelifanyaje jambo hili? Uingereza, dereva wa lori au basi hupimwa na daktari akipata leseni, kisha kuanzia miaka 45 anapimwa kila baada ya miaka 5, na akifika miaka 65 anapimwa kila mwaka. Hakuna anayemwambia astaafu. Akipita kipimo, anaendesha. Katika nchi za Umoja wa Ulaya leseni ya malori makubwa na mabasi hudumu miaka 5, na kuiongeza kunataka kipimo cha afya. Afrika Kusini, dereva wa kulipwa anahitaji kibali cha kitaaluma juu ya leseni yake, na kibali hicho huongezwa kila baada ya miaka 2 kwa cheti cha daktari. Japani, mwenye miaka 75 na kuendelea hupimwa kumbukumbu na uelewa kabla ya kuongezewa leseni, na tangu 2022 aliyekuwa na makosa fulani ya barabarani hupimwa pia kwa kuendesha.

Lakini kuna somo jingine kutoka Denmark ambalo watunga sheria wetu walisome kabla ya kushika kalamu. Mwaka 2006 nchi hiyo iliongeza kipimo cha uelewa kwa kila dereva wa miaka 70 na zaidi aliyetaka kuongezewa leseni. Watafiti walipolinganisha kabla na baada, hawakuona ajali za madereva wazee zikipungua. Walichokiona ni kwamba vifo vya wazee wanaotembea kwa miguu na kwa baiskeli vimeongezeka. Wazee walikuwa wameteremka kwenye magari yao na kuingia barabarani bila ulinzi wa bati. Mwaka 2017 Denmark ikaondoa masharti hayo ya umri.

Watu hutumia mfano huo kusema kwamba vipimo havina maana. Mimi nauona kwa namna nyingine. Denmark ilimpima kila mtu kwa sababu ya umri, na ikawapima hasa watu wanaoendesha magari yao kwenda dukani. Dereva wetu ni mfanyakazi anayebeba tani 30 usiku kwa kilomita 1,000. Kwake yeye hoja si umri, ni kazi. Ndiyo maana Uingereza ile ile inayomwacha mwenye gari dogo ajieleze mwenyewe kwenye fomu akifika miaka 70, inamtaka dereva wa lori amwone daktari tangu akiwa na miaka 45.

Sasa tujitazame wenyewe. Leseni ya Tanzania hudumu miaka 5. Kenya unaweza kulipia mwaka 1 au miaka 3. Uganda unachagua mwaka 1, miaka 3 au miaka 5. Hiyo ina maana kwamba madereva watatu wanaokunywa chai meza moja pale Malaba, wenye umri mmoja na malori yanayofanana, wanaulizwa habari zao na serikali zao kwa nyakati tatu tofauti. Na mara nyingi kinachoulizwa ni kama ada imelipwa. Mtumishi wa umma katika nchi hizi tatu kwa kawaida hustaafu akiwa na miaka 60. Dereva wa lori la mtu binafsi hana tarehe. Anaendesha mpaka gari limkatae au mwenye gari amkatae.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliosainiwa mwaka 1999, unazitaka nchi wanachama katika kifungu cha 90 zioanishe sheria zao za usafiri wa barabarani. Kwenye uzito tumefanya hivyo: sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56, na mizani inajua cha kuangalia. Tumekubaliana lori lipimwe uzito kwa kipimo kimoja. Bado hatujakubaliana anayeliendesha apimwe macho kwa kipimo kimoja.

Hapa ndipo ninapotaka kila mfanyabiashara wa mpakani asikilize kwa makini, kwa sababu tumewahi kuliona jambo hili likienda vibaya. Mwaka 2020, wakati wa korona, kila nchi iliamua kuwapima madereva wa malori kwa utaratibu wake. Cheti cha upande mmoja hakikuaminiwa upande wa pili. Malori yalijipanga kwa kilomita nyingi Malaba na Busia, na Namanga mizozo ya vipimo ilifunga njia. Nyanya hazisubiri makubaliano ya mawaziri. Ndizi hazijui itifaki. Waliopoteza mtaji wao katika siku hizo wengi hawakuupata tena. Baadaye Jumuiya ilitengeneza mfumo wa pamoja wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva, ili matokeo ya kipimo kilichofanywa nchi moja yaonekane nchi nyingine. Mambo yakaanza kulegea.

Maana yake ni kwamba njia tunaijua. Tunajua jinsi ya kumpima dereva Mombasa na kumfanya askari wa Elegu au Gatuna ayaone matokeo bila kumpima tena. Swali ni kama tutatumia ujuzi huo kabla ya kila nchi kuamka na kanuni yake ya wazee, au baada ya foleni.

Najua pingamizi zilizopo, na si za kupuuza.

Ya kwanza ni riziki. Dereva wa miaka 60 ana watoto shuleni, pengine na wajukuu. Ukimwambia akapime, anasikia kwamba unamtafutia sababu ya kumfukuza. Ataficha. Atameza dawa zake za kisukari kwa siri na kukwepa zahanati. Kipimo kinachotisha huzalisha wagonjwa wanaojificha, na mgonjwa anayejificha ni hatari kuliko anayejulikana. Kwa hiyo kipimo kianze kwa tiba. Wengi watakaokutwa na uono hafifu wanahitaji miwani tu. Mwenye mtoto wa jicho anahitaji upasuaji mfupi na wiki chache za kupumzika, kisha anarudi kazini akiona kuliko alivyoona kwa miaka 10. Mwenye presha anahitaji dawa na ufuatiliaji. Watakaoambiwa waache kabisa usukani ni wachache.

Ya pili ni kitu kidogo. Kila kipimo kipya ni dirisha jipya, na kila dirisha lina mtu anayejua kuligonga. Cheti cha afya kinachopatikana bila mtu kuvua kofia si kipimo, ni stempu. Jibu lake ni kuwatenganisha wanaopima na wanaokagua. Daktari apime hospitalini na aingize matokeo kwenye mfumo yeye mwenyewe. Askari wa barabarani asiwe na uwezo wa kupima wala kubadilisha, awe na uwezo wa kusoma tu: huyu anafaa, huyu anafaa akiwa na miwani, huyu muda wake umeisha. Karatasi isiyokuwapo haiwezi kughushiwa.

Ya tatu ni gharama. Kampuni yenye malori 200 haitashindwa kulipia vipimo. Atakayeumia ni yule mzee mwenye Fuso moja, ambaye ndiye mwenye gari, ndiye dereva, na ndiye anayetubebea sisi wenye mzigo wa magunia 40 ambao kampuni kubwa haiutaki. Tukimwekea kipimo cha bei ya juu katika mji wa mbali, ataacha kazi, na sisi tutabaki kwenye mizani ya wenye nguvu. Kipimo cha macho, presha na sukari kinaweza kufanywa na hospitali ya wilaya kwa asubuhi moja. Kifanyike pale, kwa ada inayolingana na huduma, na mwenye kuajiri dereva ndiye alipe.

Basi napendekeza hivi. Mawaziri wa uchukuzi wa Jumuiya wakubaliane kipimo kimoja cha afya kwa madereva wa malori na mabasi yanayovuka mipaka. Kifanyike mara ya kwanza mtu anapopata leseni ya daraja hilo, kisha kila miaka 5 kuanzia miaka 45, na kila mwaka kuanzia miaka 60 au 65. Kipime uono wa mbali, uono wa pembeni, sukari, presha, usikivu na dalili za matatizo ya usingizi. Anayeshindwa apewe muda wa kutibiwa na kupimwa tena kabla ya uamuzi wowote. Mwenye uono wa kutosha mchana lakini unaosumbuliwa na taa usiku, awekewe sharti la kuendesha mchana tu. Anayeacha kabisa atafutiwe heshima yake. Japani, mzee anayerudisha leseni kwa hiari hupewa cheti cha historia yake ya udereva, na sehemu nyingi humpunguzia nauli akikionyesha. Sisi tunao wazee wanaoijua kila kona kutoka Mombasa mpaka Bujumbura. Vyuo vya udereva vinawahitaji. Kijana atakayefundishwa Kitonga na mtu aliyeishuka mara elfu atatufikishia mzigo salama.

Wakati tunasubiri mawaziri, mwenye mzigo hana sababu ya kukaa kimya. Mteja ana sauti kuliko anavyodhani. Kabla ya kupakia, omba kuona leseni na uangalie tarehe na daraja lake. Uliza kama kuna dereva wa pili kwenye safari ndefu. Nchini Uingereza dereva lazima aweze kusoma namba ya gari lililosimama umbali wa mita 20. Hatua 25 hivi za mtu mzima. Hilo linaweza kufanyika hapo hapo uani, kwa utani na heshima: "Mzee, hebu nisomee namba ya ile Scania." Asiyeweza kuisoma, mshauri akatafute miwani kwanza, na mzigo uende na mwingine kwa leo. Uliza pia kuhusu bima. Bima ya mtu wa tatu hailipi mzigo wako, na hata bima ya mzigo inaweza kugoma kulipa ikibainika kwamba dereva hakuwa na leseni halali. Leseni iliyokwisha muda ni hasara yako, siyo ya dereva peke yake.

Na tujichunguze sisi wenyewe pia. Ni sisi tunaompigia dereva simu saa nane za usiku kumuuliza amefika wapi. Ni sisi tunaotaka nyanya ziwe sokoni alfajiri, hata kama zilitoka shambani jana jioni. Kumpima mzee macho, halafu kumlazimisha aendeshe usiku kucha bila kulala, ni kujidanganya. Kipimo cha afya kitakuwa na maana pale tu ratiba ya safari itakapokuwa ya binadamu.

Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vina nafasi ya kulipeleka jambo hili mbele, kama vilivyofanya kwa utaratibu rahisi wa forodha na vituo vya pamoja vya mpakani. Visilipeleke kama malalamiko dhidi ya wazee. Vilipeleke kama dai la wateja: tunataka mtu anayeona, anayesikia na aliyelala, awe na miaka 26 au 66, na tunataka cheti chake kisomwe Rusumo kama kinavyosomwa Namanga.